Kauri Mlimani

Watu wengi hupanda Arusha kwa ajili ya tembo, twiga na vilele vya milima. Mimi nilipanda kwa ajili ya konokono. Mwenzangu wa kiti katika basi la kutoka Tanga, mfanyabiashara wa vitunguu mwenye adabu njema, aliponiuliza ninakwenda kufanya nini huko, nilimjibu kweli tupu pasipo kuificha, naye akanitazama kwa huruma ya mtu aliyeketi karibu na mgonjwa, kisha akaugeuzia uso wake dirishani, akaitazama milima ya Usambara na Upare kwa bidii kubwa mpaka tukafika Same. Sikumlaumu.

Ukoo wa wanyama hawa, ambao vitabu vya shule huwaita moluska, si ukoo mdogo wala mnyonge. Aina zake zilizokwisha kuandikwa na wataalamu hukaribia 85,000, na katika ulimwengu wa wanyama ni jamii ya wadudu, buibui na kaa tu iliyo kubwa kuliko yake. Ndani yake wamo pweza mwenye mioyo mitatu na damu ya buluu, chaza ambaye udhia uliomwingia ndani ya kombe huugeuza lulu, ngisi na wino wake, kome wa mwambani, koa asiye na nyumba, na konokono ambaye hana usiku anaolala nje ya yake. Sisi wa pwani tumewagawa kwa kipimo cha chungu, yaani yupi huliwa na yupi hutupwa, na hapo elimu yetu aghalabu hukoma. Lakini tangu ujana wangu nilikuwa nikiona, katika picha na katika mavazi ya watu waliotoka bara, kauri za bahari yetu zimeshonwa juu ya ngozi za mbuzi na ng'ombe kwa taadhima ambayo sisi wenyewe, tunaozikanyaga kila maji yanapokupwa, hatukuwahi kuzipa. Na nilitamani kujua jinsi mlima ulivyompokea mgeni huyu, na kama umewahi kumtazama kwa jicho hilohilo mwenyeji wake, konokono wa mwituni.

Mji wa Arusha umeketi katika kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru wenye mita 4,566, na asubuhi mawingu yakijaliwa kufunguka mlima huonekana mwisho wa kila barabara iendayo kaskazini, ukiwa na ubavu mmoja uliobomoka tangu zama zisizo na mwandishi. Nilianza na soko la vitu vya urembo, ambako wanawake wa Kiarusha na wa Kimasai hukaa kutwa nzima wakitunga ushanga, na ambako muuzaji humwita mpita njia kwa lugha nne kabla hajajua ni ipi iliyo yake. Kauri zilikuwa kila mahali: kwenye mikanda, kwenye shingo za vibuyu vya maziwa, kwenye kingo za ngozi, kwenye vinyago ambavyo havina asili ya hapo wala popote. Nikaketi karibu na mama mmoja aliyekuwa akishona mkanda, nikamwuliza kauri zake hutoka wapi.

“Kwenu, baba,” akajibu bila ya kuinua macho katika sindano yake, maana lafudhi yangu ilikuwa imekwisha kunitangaza. “Zinaletwa kwa viroba kutoka Dar es Salaam.”

“Na zamani, mama?”

“Zamani bibi zetu walikuwa nazo chache, mtu anarithi kwa mama yake. Mwanamke anayetaka mtoto anavaa. Siku hizi mzungu yeyote anavaa, awe anataka mtoto au hataki.”

Hakuwa amemwona kauri aliye hai, nami nikamweleza kadiri ya uwezo wangu kwamba mng'ao ule anaousifia mteja haukutiwa na fundi. Kwamba mnyama mwenyewe, atambaapo usiku juu ya mwamba, hutoa ngozi laini ya mwili wake pande mbili za gamba na kulifunika lote, akilipaka tabaka juu ya tabaka za chokaa safi, na kwa sababu hiyo gamba halipati mkwaruzo maadamu mwenyewe yu hai. Nikamweleza pia jinsi wanawake na watoto wanavyoziokota wakati wa bamvua, wakazifukia mchangani mpaka nyama ioze, kisha wakaziosha; na hapo mama akaacha kushona, akainusa moja ya zile kauri kwa shaka, akaridhika, akaendelea.

Safari ya makombe kutoka pwani kwenda bara ni ya kale kuliko milki yoyote tunayoijua kwa jina. Katika pango la Panga ya Saidi, kwenye vilima vya Kilifi nchini Kenya, mahali palipo mbali na bahari kwa mwendo wa kilomita kama 15, wachimbuzi wamepata pambo la gamba la konokono wa baharini lenye umri upitao miaka 60,000; kwa hiyo mtu aliyelibeba alikuwa amekwisha kujua, kabla ya jembe, kwamba kitu cha pwani huongezeka thamani kila hatua kinapoipa bahari kisogo. Siku za karibu zaidi njia ilikuwa ya misafara. Kutoka Pangani ilifuata bonde la mto, ikapita chini ya Kilimanjaro na Meru na kuingia Umasaini, na wakuu wake walikuwa watu wa pwani kama Jumbe Kimameta wa Pangani, ambaye wazungu waliojipatia sifa ya kuvumbua nchi hizi walimfuata nyuma. Count Teleki, aliyefika Meru mwaka 1887, alikuwa mmoja wao. Wapagazi walichukua nguo za merikani, ushanga na waya wa shaba, wakarudi na pembe za ndovu. Kauri ilikuwa bidhaa nyepesi isiyooza, isiyoshika kutu wala kuliwa na mchwa, na mwenye kuighushi hakuna.

Kwa sifa hizohizo kauri iligeuka fedha. Katika Buganda ilihesabiwa kwa mamia na maelfu katika vikuba, ikalipa mahari na kodi, mpaka serikali ya Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20 ikaikataa. Upande wa magharibi ya Afrika habari yake ilikuwa chungu zaidi. Huko kauri ndogo za Maldivi zilikuwa sarafu kwa karne nyingi, zikanunulia hata watu. Kisha, katika miaka ya 1840, wafanyabiashara wa Hamburg wakagundua kwamba kauri za Unguja na mrima, zile zenye duara la manjano mgongoni, ni rahisi kuliko za Maldivi na hupokelewa sokoni vilevile. Wakazipakia merikebuni tani kwa tani, miaka na miaka, hata mtu wa pwani ya Guinea akawa anahitaji mpagazi wa kumbebea bei ya kuku. Kwa nadhari yangu hili ni funzo la uchumi lililo wazi kuliko mengi yaliyomo vitabuni, nalo lilifundishwa na konokono wetu, ambaye hata hivyo hakuna shule yetu inayomtaja.

Wala si biashara hiyo peke yake iliyojengwa juu ya makombe. Dereva wa teksi aliyenichukua kwenda Boma alisimama kutia petroli, nikamweleza, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, kwamba kampuni ya mafuta yenye nembo ya kombe la manjano ilizaliwa katika duka la London ambako mzee Marcus Samuel aliuza vitu vya anasa na visanduku vilivyopambwa kwa makombe ya mashariki. Kwamba mwanawe, aliyegeukia mafuta ya taa, aliipa merikebu yake ya kwanza ya mafuta iliyopita Suez mwaka 1892 jina la Murex, ambaye ni konokono wa baharini. Dereva akasema kwamba kwake yeye nembo ni bei tu.

Boma la Arusha lilijengwa na Wadachi mwaka 1900, na leo ni makumbusho ya elimu ya viumbe. Mgeni huenda huko kuwaona mababu wa binadamu, na kweli ndio walio katika nafasi ya heshima. Nyayo za Laetoli, zilizopatikana mwaka 1978 na wenzi wa kazi wa Mary Leakey katika nchi ya Ngorongoro, zina umri wa miaka milioni 3.6 na zaidi, na mbele ya umri huo kila mtu hunyamaza. Lisilosemwa kwa sauti kubwa ni kwamba katika majivu yaleyale ya volkano yaliyogeuka jiwe wamo konokono wa nchi kavu, magamba yao kamili, na kwamba hao ndio walioulizwa hali ya nchi ilivyokuwa. Nyayo husema kwamba kiumbe alipita kwa miguu miwili. Hazisemi alipita chini ya mti au katika jua. Konokono hawezi kukimbia ukame kama swala, na kila aina yake ina kiasi chake cha unyevu na kivuli isichoweza kukivuka, hata akipatikana amekufa mahali fulani huwa ni shahidi kwamba mahali hapo palimfaa. Bernard Verdcourt, Mwingereza aliyefanya kazi ya mimea katika hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki kule Nairobi na kuwatafiti konokono kwa mapenzi yake mwenyewe mpaka akawa hakimu wa habari zao, aliwachambua hao wa Laetoli, na maandishi yake yalitoka mwaka 1987. Ushahidi wao ni wa nchi yenye miti, vichaka na nyasi pamoja, ambayo si uwanda mtupu uliozoeleka katika picha.

Kuhusu konokono wa Meru wenyewe, kitabu cha kwanza kinachostahili jina hilo hakikuandikwa Meru. Yngve Sjöstedt, mwanazuoni wa Sweden, alikaa katika nchi za Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, akakusanya kila kiumbe kilichokubali kukusanywa, kuanzia mbu hadi chui, na alipokwisha kurudi kwao mali hiyo iligawiwa wataalamu mbalimbali, kila mmoja na fungu lake. Fungu la konokono na jamaa zao lilimwangukia Adolf d'Ailly, na maandishi yake yalitoka mwaka 1910, mwaka uleule ambao Meru ulitoa moshi na majivu kwa mara ya mwisho hata leo. Kabla yake Eduard von Martens wa Berlin alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 1897, kitabu kizima cha wanyama wenye makombe wa Afrika ya Mashariki ya Kidachi. Kwa hiyo viumbe waliokuwa wakitambaa chini ya migomba ya Wameru walijulikana kwa majina ya Kilatini mjini Stockholm na Berlin, ilhali aliyeishi nao aliwaita wote kwa jina moja na kuwapitia mbali.

Nilikwenda kuwatafuta katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto na kuongezewa mlima wenyewe mwaka 1967. Haifai kutembea humo kwa miguu pasipo askari mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Huyu wangu, kijana mpole mwenye macho makali, aliwahi kuwasindikiza wapanda mlima, watazamaji wa ndege na mabwana wa picha za sinema, ila mtu wa kupiga magoti na kufunua majani makavu hakuwahi kumpata, na kwa muda alisimama ameupa mgongo msitu na uso ameuelekeza kwangu, kana kwamba hatari iko upande wangu. Msitu wa ubavu wa kusini na mashariki ndio unaopata mvua. Ule wa kaskazini na magharibi, upande wa Oldonyo Sambu, hukaa katika kivuli cha mvua na hukauka. Konokono hufuata sheria hiyo kwa utiifu. Chini ya gogo lililooza nilimpata wa kwanza, gamba lake la rangi ya asali na jembamba hata kiwiliwili kilionekana ndani yake kikipwita. Kisha koa wa kimanjano, mrefu kuliko kidole changu cha kati. Kisha, kwa msaada wa kioo cha kukuzia, wale niliowajia hasa.

Hao ni wa jamii ya Gulella, ambayo Afrika ya Mashariki ndiyo mojawapo ya makao yake makuu. Gamba lao aghalabu ni la milimita chache tu, jeupe au lipitishalo mwanga, na mlango wake umejengewa meno ya chokaa yanayoubana mpaka usidhani kwamba kuna mwenyeji awezaye kupita. Mwenye nyumba hiyo ya adabu ni mla nyama: huwafuata konokono wenzake kwa njia ya ute wao, akaingiza kichwa katika mlango wao na kuwala ndani kwa ndani. Nilimpa askari kioo. Alitazama muda mrefu, akauliza kama huyu naye ana jina, nikamtajia. Akasema kwamba amepita mahali hapo mara zisizo na idadi akitafuta nyayo za chui.

Hatukukaa sana katika maziwa ya Momella, ambayo maji yake ni ya magadi na ambayo heroe wanaosimama ndani yake kwa maelfu wamekwisha kusifiwa na kila msafiri. Maji yaliyonipa mawazo ni matamu, yale ya mifereji ambayo Wameru na Waarusha wameichimba tangu enzi za babu zao kuteremsha mito ya mlimani mpaka mashambani, kazi ya hekima kubwa inayostahili makala yake. Katika mifereji na mabwawa ya nchi hii, hasa tambarare za chini zenye joto, huishi konokono bapa, mdogo, upana wake ukikaribia kucha ya kidole gumba, aitwaye Biomphalaria pfeifferi, naye ndiye mwenyeji wa kati wa kichocho cha matumbo. Theodor Bilharz alimwona mnyoo wa kichocho Cairo mwaka 1851. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya Robert Leiper kuthibitisha, Misri hiyohiyo, mwaka 1915, kwamba mnyoo hawezi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu pasipo kupita katika mwili wa konokono. Choo cha mgonjwa kikifika majini, mayai huanguliwa, na kitokacho humo humtafuta konokono, humwingia, huzaana ndani yake, kisha hutoka kwa maelfu na kumtoboa ngozi mtoto anayeoga au mama anayefua.

Arusha ina haki ya kutajwa katika historia ya vita hivi. Katika taasisi ya utafiti wa viuatilifu iliyokuwa Ngaramtoni, njia ya kwenda Namanga, na katika mashamba ya miwa ya Arusha Chini upande wa Moshi, wataalamu wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 walipima dawa za kuua konokono katika mifereji, wakihesabu walio hai na waliokufa kwa subira ya kuhesabu nyota. Alan Fenwick, ambaye baadaye aliongoza kazi ya kupeleka tiba ya kichocho katika nchi nyingi za Afrika, alianzia huko. Dawa ziliua konokono, na waliobaki wakazaa tena, kwa kuwa kila mmoja wao ni dume na jike kwa pamoja na huweza hata kuzaa peke yake. Miaka ileile, mwaka 1964, Aklilu Lemma wa Ethiopia aliona kule Adwa kwamba chini ya mahali wanawake walipofulia kwa matunda ya mti wa endod konokono wa mto walikuwa wamekufa, akalifanya jambo hilo elimu. Nami huona kwamba katika wote waliotajwa hapa hakuna aliyetumia macho yake vizuri kuliko yeye, maana kijito hicho kilikuwa kimetazamwa na watu wote.

Konokono mwingine wa maji huleta minyoo ya ini kwa ng'ombe, na katika mji unaopenda nyama kama Arusha mkaguzi wa machinjio huyatupa maini yaliyotobolewa bila ya mlaji kujua kwamba aliyemnyima kitoweo ni kiumbe asiye na hata sauti.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa shamba la bibi mmoja wa Kimeru juu ya Usa River, lenye migomba, kahawa chache na kabichi nyingi. Mara aliposikia shughuli yangu alinipeleka kwenye kabichi, akanionyesha majani yaliyotobolewa usiku wa jana. Huwawinda alfajiri kwa tochi, alisema. Sumu ya dukani ni ghali, majivu ndiyo dawa, ila mvua ikinyesha majivu hayafai kitu. Chini ya mgomba alifunua konokono mkubwa wa ukoo wa Achatina, aliyejifungia mlango kwa utando wa ute uliokauka akingoja masika.

“Na huyu mnampa kazi gani huko mjini, baba?”

Nikamweleza habari za ndugu ya huyo, mzaliwa wa pwani yetu, ambaye gamba lake hufikia sentimita 20: alivyopelekwa Calcutta na William Benson mwaka 1847 na kutapakaa Asia, alivyoingia Florida mwaka 1966 na mtoto aliyebeba watatu mfukoni, wakawa zaidi ya 18,000, na serikali ikatumia miaka na takriban dola milioni moja kuwamaliza, nao wakarudi, alivyosababisha visiwa vya Hawaii viletewe konokono wala nyama ili wamwangamize, hao wakamwacha na kuwala konokono wadogo wa miti ya huko, mpaka wa mwisho wa aina moja, aliyepewa jina George, akafa akiwa peke yake siku ya kwanza ya mwaka 2019. Bibi akamsikitikia George. Kisha akauliza kama ni kweli kwamba kuna watu wanaowala hawa wakubwa. Nikamwambia kwamba sisi Waislamu wa pwani tunakula pweza kwa raha zetu na huyu wa nchi kavu wanavyuoni wetu wamemkataza, lakini Ghana na Nigeria ni kitoweo cha fahari, huuzwa kwa bei inayoshindana na ya nyama, na watu huwafuga mabandani.

Alicheka mpaka akalishika jembe lisimwangushe.

“Basi, baba, ukiwapata hao waambie waje na gari,” akasema. “Konokono wachukue bure. Kabichi watanunua.”